Tupeane uzoefu: nani ametafuta kazi ya hospitali ng'ambo, na yalimkuta yapi?

Bint Kisauni:
Leo alfajiri nimemsindikiza mwenzangu wa zamu hadi Miritini kupanda treni, yuwaenda Nairobi kupimwa kifua kikuu kwa ajili ya viza ya Uingereza. Nimerudi nalia. Mimi mtihani wa Kiingereza wa IELTS nimeufanya mara tatu. Kusikiliza, kusoma na kuzungumza napata 7 inayotakiwa. Kuandika nabaki 6, na baraza la wauguzi la kule lataka 6.5. Nusu alama! Waliopitia, semeni.

Nesi wa Likoni:
Kwenye kuandika tumekwama wengi. Hamia OET, mtihani wa Kiingereza wa watu wa afya. Kule waandika barua ya kumpeleka mgonjwa kwa mwenzio, kazi uliyoizoea wodini.

Mama Pacha:
Nitasema ijapokuwa inauma. Agosti 2025 wakala mmoja mwenye ofisi ghorofani huku mjini aliniambia kuna nafasi za kutunza wazee Uingereza. Akataka shilingi 280,000. Mama akauza bangili zake za dhahabu, zile alizoolewa nazo. Zilizopungua nikakopa kwenye chama. Nikaletewa barua ya udhamini ina muhuri, nikaacha kazi kliniki. Ijumaa nyumbani kukapikwa biriani, shangazi zangu wakaja kutoka Malindi, nikasomewa dua, begi liko mlangoni. Jumamosi wakala alikuwa aniletee pasipoti na tiketi. Napiga simu, imezimwa. Nikapanda tuktuk mbio mpaka ofisini. Mlango wazi, ndani kumebaki kiti cha plastiki na kalenda ukutani. Nikakaa kwenye kile kiti sijui hata saa ngapi, nafikiria nitaingiaje nyumbani na wageni bado wamo. Baadaye ndiyo naambiwa Uingereza ilifunga kuchukua watunzaji wapya kutoka nje tangu tarehe 22 Julai. Mimi nimelipa mwezi wa nane.

Zainabu wa Bamburi:
Subhanallah. Pole mamangu.

Mwana Changamwe:
Pole sana. Lakini nawe ni mtu wa hospitali, hukuangalia kama wakala amesajiliwa NEA, mamlaka ya ajira ya serikali?

Nesi wa Likoni:
Wacha hayo! Mtu ametumbukia kisimani, wewe wamuuliza mbona hakupima kina?

Mwana Changamwe:
Simkejeli. Nasema ili mwengine asitumbukie. Dadangu yuko Saudia: vyeti vikahakikiwa na kampuni ya DataFlow, akafanya mtihani wa leseni wa Prometric, akaenda. Hakumpa wakala hata shilingi.

Kaka Mtopanga:
Mimi Saudia siendi. Nasoma Kijerumani usiku baada ya zamu, nimemaliza kiwango cha B1, natafuta B2. Ni kigumu, ila hospitali za Ujerumani zina uhaba wa wauguzi, na cheti changu cha uuguzi cha KRCHN nataka kitambuliwe nifanye kazi niliyosomea, sio kuosha vyombo.

Zainabu wa Bamburi:
Mwaka na zaidi wasoma lugha, na watoto wala nini? Aende Saudia akija aje na kitu.

Bint Kisauni:
Mama Pacha, pasipoti ulirudishiwa?

Mama Pacha:
Mpaka leo sijarudishiwa. Nimeripoti polisi, nina nambari ya OB, kitabu chao cha matukio.

Nesi wa Likoni:
Usikae nayo nyumbani. Waombe polisi karatasi ya upotevu, uende nayo uhamiaji uombe pasipoti nyingine.

Mama Pacha:
Nitaenda Jumatatu inshallah. Mama hajazitaja bangili hata mara moja. Kliniki wamenirudisha, kwa siku tatu za wiki.

Bint Kisauni:
Hiyo OET, yafanyiwa hapa Mombasa ama mpaka Nairobi?