Tupeane uzoefu: rafiki aliyekuambia ukweli kuhusu maandishi yako

Kusini Kwetu (Mtwara mjini)
Wadau, habari za jioni. Naomba tusimuliane kuhusu yule rafiki aliyesoma ulichoandika akakueleza kasoro zake. Wa "hongera sana, umetisha" tunao wengi, leo tuwaache. Naanza mimi.

Niliandika hadithi ya mama anayebangua korosho. Wiki mbili tu, nikaimaliza, nikampelekea shoga yangu wa tangu shule ya msingi, anakaa Chikongola. Yeye kubangua amekulia humo. Akasoma mpaka ukurasa wa pili, akaniuliza, "Huyu mama mikono yake iko wapi?" Sikumwelewa. Akanifungulia kiganja: ncha za vidole nyeusi, ngozi imebabuka kwa mafuta ya ganda. "Umeandika anabangua huku anamfuta mtoto machozi. Kwa mikono hii? Si atamuunguza uso! Sisi tunajipaka majivu kwanza, na mtoto tunamweka mbali." Akanirudishia karatasi. "Halafu mwanzoni kote unamsifia tu. Mimi sitaki sifa, nataka nijione."

Iliniuma. Wiki tatu sikumpigia simu. Siku niliyorudi nilikaa naye mkekani kutwa nzima nikabangua, nikamvunjia korosho nyingi, na nzima ndiyo yenye bei. Hakulalamika. Hadithi nimeiandika upya mara tano, miezi tisa. Sasa mtoto analia, mama ameinua mikono juu kama anayeomba dua, anamwita binti yake mkubwa aje amfute. Kipande hicho nilikiona kwake kwa macho yangu.

Mwalimu wa Ng'apa (Lindi)
Dada, umenigusa. Mimi ni wa mashairi. Nilimsomea rafiki yangu, mvuvi, elimu yake ya darasa la saba, shairi langu la bahari:

*Bahari yetu ya Lindi, iliyotulea sisi sote*

Alikuwa anashona nyavu, akawa anahesabu mizani, yaani silabi, kwa vidole. Akasema, "Ukwapi, hicho kipande cha kwanza, mizani nane, sawa. Utao, hicho cha pili, umeniletea kumi. Hiyo 'sisi' ya nini, na 'sote' ipo?" Nikaitoa: *iliyotulea sote*. Nane. Nilikuwa nimelisoma shairi hilo mbele ya wanafunzi wangu mwaka mzima! Tangu hapo kila ubeti unapita kwake kwanza, na beti nne zinaweza kunichukua mwezi.

Fundi Mpingo (Newala)
Wakuu, mimi nachonga, kuandika nimeanza uzeeni. Babu yangu alikuwa akinitazama nachonga bila kusema neno, kisha anaweka kidole mahali pamoja kwenye kinyago na kuondoka. Pale alipogusa ndipo penye kosa. Kwenye mpingo ukishakata zaidi umekata, huwezi kurudisha. Karatasi inakuruhusu. Kwa hiyo vijana wanaoona uvivu kurudia ukurasa huwa siwaelewi kabisa.

Binti Masasi
Shikamoo babu Fundi. Wangu alikuwa mkweli pia, ila alinisema mbele ya watu, kwenye shughuli ya ndugu yetu, akasoma sentensi zangu kwa sauti watu wakacheka. Makosa aliyoyataja yalikuwepo kweli, leo nayaona. Lakini miaka miwili sikushika kalamu. Ukweli una mahali pake pa kusemwa, jamani.

Fundi Mpingo (Newala)
Marahaba mjukuu wangu. Hapo alikukosea. Babu yangu hakuwahi kunigusia kosa mbele ya mnunuzi.

Kusini Kwetu
Pole sana mdogo wangu. Hayo maandishi bado unayo? Nitumie mimi, nitasoma taratibu, na nitakayoyaona tutayaongea wawili tu.

Binti Masasi
Nimelitoa daftari kwenye sanduku sasa hivi. Kurasa zimeshikana kwa unyevu, ila yanasomeka. Nipe mpaka Jumapili niyanakili, dada.