Paulo na Yakobo hawapatani? Mwanafunzi wa kipaimara kanibana, naomba ushauri

Mwalimu wa Jumamosi:
Habari za jioni wakuu. Mimi ni Mlutheri, nafundisha kipaimara mtaani kwetu, chuo cha theolojia sijakanyaga. Jumamosi iliyopita somo lilikuwa kuhesabiwa haki, yaani jinsi mtu anavyokubaliwa na Mungu kuwa mwenye haki. Nikasoma Warumi 3:28, Paulo anaposema kwamba mwanadamu huhesabiwa haki kwa imani pasipo matendo ya sheria. Binti mmoja wa miaka 14 akanyoosha mkono, akafungua Yakobo 2:24, akasoma kwa sauti: mwanadamu huhesabiwa kuwa ana haki kwa matendo yake, si kwa imani peke yake. Akaketi.

Nikampa lile jibu tulilopewa wote: "Wanasema kitu kimoja kwa maneno tofauti." Mkono ukapanda tena. "Mwalimu, mbona wote wanamtaja Ibrahimu, wote wananukuu mstari mmoja, halafu kila mtu anatoka na lake?" Darasa likaangua kicheko. Nikafunga kipindi kwa sala, dakika ishirini kabla ya wakati.

Nimeenda kuhakiki nyumbani. Kweli. Mwanzo 15:6, kwamba Ibrahimu alimwamini Mungu akahesabiwa haki, imo Warumi 4:3 na imo Yakobo 2:23. Mwalimu mwenzangu anasema niendelee na somo linalofuata kama hakijatokea kitu. Mimi sitaki kumdanganya mtoto, na sitaki pia aondoke akidhani Biblia ni ya kubahatisha. Nimwambie nini?

Binti Sayuni:
Neno la Mungu halijipingi. Mfundishe amri kumi, hayo mengine atayajua akikua. Uzi ufungwe.

Kalamu ya Mwanzi:
Ukiufunga uzi, swali la mtoto linabaki pale pale, dada yangu.

Mwalimu, anzia kwa huyo Ibrahimu. Paulo anasimama kwenye Mwanzo 15. Hoja yake yote katika Warumi 4 inategemea mpangilio wa matukio: Ibrahimu alihesabiwa haki kwanza, tohara ikaja baadaye, sura ya 17. Kwa hiyo mtu wa mataifa, asiye Myahudi, haulizwi tohara ndipo akubaliwe. Yakobo anarukia sura ya 22, Isaka juu ya madhabahu, halafu anarudi nyuma kusema hapo ndipo ule mstari wa sura ya 15 ulipotimia. Mstari ni mmoja, ila kila mmoja ameusoma akiwa kituo kingine cha safari ileile.

Na tazama wanabishana na nani. Wagalatia wameambiwa bila kutahiriwa hawajakamilika, Paulo anawaka. Mtu wa Yakobo ni yule anayemwambia ndugu aliye uchi na mwenye njaa "enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba", halafu hatoi hata kipande cha mkate. Yakobo anamwambia imani ya hivyo hata mashetani wanayo, nao wanatetemeka.

Mwalimu wa Jumamosi:
Asante sana mkuu. Kwa hiyo nilikuwa sahihi, wanasema kitu kimoja?

Mzee wa Kijiweni:
Hapana, usirudi huko, yule binti atakushika tena. Mpe Wagalatia 2. Kefa, yaani Petro, alikuwa akila na watu wa mataifa pale Antiokia. Wakaja watu *kutoka kwa Yakobo*, akajitenga mezani kwa woga, hata Barnaba akachukuliwa. Paulo akashindana naye uso kwa uso mbele ya wote. Huo si utofauti wa maneno. Ni watu waliogombana kuhusu nani ale na nani, na Paulo mwenyewe kauandika ugomvi huo bila aibu. Sisi ndio tunaoona aibu kwa niaba yao.

Na kwa kuwa wewe ni Mlutheri: Martin Luther mwenyewe alipotoa Agano Jipya la Kijerumani mwaka 1522, aliuita Yakobo waraka wa mabua, yaani usio na uzito, akausogeza karibu na mwisho wa kitabu pamoja na Waebrania, Yuda na Ufunuo. Tena kwenye Warumi 3:28 aliongeza neno "peke yake" ambalo kwa Kigiriki halipo. Hilo neno katika Agano Jipya limekaa pamoja na imani mahali pamoja tu, Yakobo 2:24, tena lina "si" mbele yake. Lakini waraka wa Yakobo hakuutupa. Aliutafsiri wote, ukachapwa.

Binti Sayuni:
Sasa huyo ni mtoto wa miaka 14, mzee. Unataka amkute Luther kwenye vita kabla hajabarikiwa?

Mzee wa Kijiweni:
Ameshafika vitani peke yake, mama. Mwalimu ndiye amechelewa.

Mkatoliki Mpole:
Mimi ni wa upande wa pili, sina ugomvi. Ongeza tu kwamba Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko la pamoja kuhusu jambo hilihili pale Augsburg, tarehe 31 Oktoba 1999. Ilichukua karne nne na zaidi, kwa hiyo dakika ishirini ulizokatisha zinasameheka.

Kalamu ya Mwanzi:
Na kabla ya ugomvi wa Antiokia, soma Wagalatia 2:9-10. Yakobo, Kefa na Yohana walimpa Paulo mkono wa shirika, wakamwomba jambo moja, awakumbuke maskini. Ukienda Warumi 15 unamkuta huyuhuyu wa "pasipo matendo" anabeba mchango kutoka Makedonia na Akaya kuwapelekea maskini wa Yerusalemu, kwenye kanisa la Yakobo. Mimi ningemwachia binti asome hapo mwenyewe, kwa sauti.

Mwalimu wa Jumamosi:
Nimeelewa wakuu. Jumamosi nitaanza kwa kuwaambia kwamba jibu langu la wiki iliyopita lilikuwa la kukwepa. Kisha Mwanzo 15 na 22 ubaoni, Wagalatia 2 atasoma yeye. Luther nitamtaja, nikiulizwa.

Nyongeza: mama yake kanitumia ujumbe sasa hivi. Binti anauliza Yesu alisulubiwa baada ya kula Pasaka, kama ilivyo Marko 14, au siku ya maandalio ya Pasaka, kama ilivyo Yohana 19:14. Nifungue uzi mwingine au tuendelee hapahapa?