Mrejesho: lile sanduku la spana lenye kutu

Wakuu, nilikuja kuuliza namna ya kupaka rangi upya sanduku la chuma la spana, la mtumba, kwa hela isiyozidi elfu 20. Kazi imekwisha na chenji imebaki.

Makopo ya rangi ya kupuliza niliyaacha, bei yake ingemaliza hela yote. Nimetumia rangi ya mafuta ya kijani, brashi, tina ya kuyeyushia rangi na msasa. Redoksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, nilipewa na jirani anayechomelea mageti.

Kazi yenyewe ni usafi. Grisi ilitoka kwanza, kwa mafuta ya taa halafu sabuni ya unga, maana ukipiga msasa juu ya grisi unaisambaza tu. Kutu ya chini nikaikwangua kwa brashi ya waya, kisha msasa namba 80, nikamalizia na 240. Rangi ya zamani iliyoshika vizuri sikuibandua, niliikwaruza mpaka mng'ao ukapotea. Mkuu uliyesema nifike kwenye chuma kitupu kila mahali, hiyo labda kwa gari.

Redoksaidi nikapaka siku hiyohiyo. Kwa unyevu huu wa Dar, chuma kitupu kikilala usiku, asubuhi kina rangi ya chai. Juu yake ile rangi ya kijani, nyepesi, nikapaka mara mbili. Ndani sijapaka, spana zingeibandua tu. Nimetandika tyubu ya tairi niliyoipasua.

Bado komeo za kubana kifuniko. Anayejua duka lenye nazo pale mitaa ya Gerezani hapa Dar anielekeze.