Vifungo vya sare za askari kutoka shambani Maktau: visafishwe vipi?

Mkulima wa Maktau:
Hamjambo ndugu zangu. Shamba la familia yetu liko Maktau, Taita Taveta, karibu na njia ya reli ya Voi hadi Taveta, mahali ambapo Waingereza waliweka kambi mwaka 1915. Maganda ya risasi tumeyazoea tangu utotoni, kwa kuwa hujitokeza kila mvua inapoosha udongo. Mpwa wangu alipokuja na kifaa cha kutambulia metali, tulipata pia vifungo vya sare, vyote vimeshikwa na kutu ya kijani, na kimoja kinaonyesha kwa mbali simba na farasi mwenye pembe. Mafundi wa hapa wananishauri nivisugue kwa ndimu na majivu. Je, ni sawa? Na nitajuaje vilikuwa vya jeshi gani?

Mpenzi wa Historia, Voi:
Ndugu Mkulima, simba na farasi mwenye pembe ni nembo ya ufalme wa Uingereza. Kifungo cha namna hiyo kilianza kuvaliwa na askari wa kawaida wa vikosi vingi mwaka 1871, badala ya vile vilivyokuwa na namba ya kikosi, kwa hiyo hakitakutajia kikosi. Geuza upande wa nyuma: kuzunguka kitanzi cha kushonea mara nyingi kuna jina la kiwanda, kwa mfano Firmin wa London au Smith & Wright wa Birmingham. Ukikuta taji la Kaisari, hicho ni cha jeshi la kikoloni la Wajerumani, waliokuwa wameikalia Taveta tangu Agosti 1914 hadi Machi 1916. Andika kila kifungo kilitoka sehemu ipi ya shamba na kwa kina gani, maana kifungo kisichojulikana kilikotoka hakitufundishi mengi.

Fundi wa Makumbusho (mstaafu):
Tafadhali, ndimu uiache kabisa, pamoja na siki, soda na majivu. Vifungo hivi kwa kawaida ni vya shaba ya njano, yaani mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Asidi huitoa zinki iliyo juu, na kifungo kinabaki na uso wa waridi wenye vishimo ambao haurudi tena ulivyokuwa. Vifungo vya maafisa huwa vimepakwa dhahabu nyembamba sana, na hiyo huondoka kwa msuguo mmoja tu wa majivu. Zaidi ya hayo, ile kijani ngumu na laini kama ganda la yai ndiyo inayobeba michoro: ukiibandua, simba wako anaondoka nayo.

Anza kwa kuacha udongo ukauke, kisha uutoe kidogo kidogo kwa kijiti cha meno kilichochongwa, ukianzia katikati na kuelekea ukingoni, chini ya mwanga wa upande ili uone mistari. Udongo ukikataa, lowesha pamba kwa maji yaliyotoneshwa, yale ya betri ya gari yasiyo na asidi, uibonyeze mahali hapo bila kusugua, kisha ukaushe mara moja. Usiloweke kifungo chenye kitanzi cha chuma, kwa kuwa chuma kitavimba kwa kutu na kukipasua. Ukiona unga wa kijani hafifu unaorudi kila baada ya kuufuta, hiyo ni chumvi inayokula shaba kutoka ndani. Kitenge kifungo hicho, ukihifadhi kwenye kopo kavu lenye vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Vilivyo vizima waweza kuvipaka nta isiyo na rangi, kiasi kidogo tu.

Mama Wanjala:
Kaka, mimi nina hofu ya jambo jingine. Kifaa hakitofautishi kifungo na bomu ambalo halikulipuka. Mkikuta chuma kizito chenye umbo la chupa, msikiguse. Wekeni alama na muwaite polisi. Pia Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inadhibiti uchimbaji wa vitu vya kale, kwa hiyo waulizeni Makumbusho ya Taifa kabla mpwa wako hajaendelea.

Mkulima wa Maktau:
Asanteni sana. Ndimu imebaki jikoni. Kwenye kile chenye simba nimeona nyuma herufi zinazoishia na «HAM». Fundi, nikiipata picha iliyo wazi nitaiweka hapa.