IST imeisha mkopo, nibaki nayo au nibadilishe? (Mtwara mjini)

mamaZ_Shangani
Habari zenu wakuu. Nina gari Toyota IST ya 2004, usajili wa namba C, cc 1500, niliichukua kwa mkopo wa saccos ya kazini na mwezi wa tatu nikamaliza deni, yani ndo kwanza nauona mshahara mzima. Sasa baba Z anasema tuiuze kabla haijatufia mikononi. Kuna dalali ana RAV4 ya 2005 anataka milioni 21.5, IST yangu anaihesabia 7.5, kwa hiyo nikope tena 14, marejesho 510,000 kwa miezi 36. Injini haina shida, ila nikienda Newala kwa mama (kila mwisho wa mwezi) ikigusa vumbi tu chini inalia ngwa ngwa ngwa. Fundi kanipigia shokapu zote nne, bushi na bolijointi 780,000 na ufundi wake. Nisaidieni mawazo, nisije nikajuta.

kijana_wa_Chuno
Uza dada. Namba C hizo kila mwaka zinashuka. Ila usimpe dalali, subiri Oktoba minada ya korosho ianze, hela zikishaingia kwenye akaunti za watu wa Tandahimba na Newala utaiuza kwa bei nzuri kuliko hiyo 7.5. Ukingoja Machi utabembeleza mtu akupe 5.

spana_namba_14
Mama Z mimi ni fundi, sikupigii debe. Hiyo injini yako ya 1NZ haina mkanda wa taimingi, ina cheni, ukimwaga oili kwa wakati itakuzika. Kelele ya chini pia isikutishe, njia ya vumbi inakula bushi za gari yoyote hata hiyo RAV4. Gari za Shangani zinakufa kwa chumvi, upepo wa bahari usiku kucha na gari imelala nje bila turubai. Swali lako lote liko uvunguni, kwa hiyo usiuze wala usitengeneze kabla hujainyanyua. Fundi achukue bisibisi agonge chasisi, agonge chini ya milango, na pale shokapu za nyuma zinapokaa. Bisibisi ikizama kwenye chasisi uza hata kesho (na mnunuzi umwambie ukweli, mji wenyewe mdogo huu). Ikiwa kutu ya juu juu, kwangua, paka ile lami nyeusi, endelea na maisha.

Mzee_wa_Hesabu_Lindi
510,000 mara 36 ni 18,360,000 dada yangu, na IST umeshaitoa. Matengenezo yote ya fundi hayafiki hata marejesho ya miezi miwili!! Halafu unatoka cc 1500 unaenda 2000, kituo cha mafuta watakupenda, na ukimaliza deni unabaki na gari ya 2005 hiyo hiyo unaanza kuuliza swali hili hili. Mimi nilishabadilisha kwa tamaa, nikapata gari ambayo spea yake mpaka ipande basi kutoka Dar, barabara ilipokatika kule Kilwa na mafuriko ya Mei 2024 gari ikakaa juu ya mawe mimi napanda bajaji. Fanya hivi, tengeneza, halafu hiyo 510 iweke pembeni kila mwezi kama unadaiwa vile. Ikikushinda kuiweka ujue na mkopo ungekushinda.

mamaZ_Shangani
Nimerudi. Jana imenyanyuliwa, bisibisi haikuzama popote isipokuwa chini ya mlango wa nyuma kushoto, chasisi iko nzima. Jumla na kuchomelea imekuja 950,000, nimelipa nusu na turubai nimeshanunua sokoni. Nimemwandikia baba Z ile 18,360,000 kwenye karatasi nikaiweka mezani, kaiangaliaa, kisha kaniuliza RAV4 ya dalali bado ipo?? 😂 Nimemwambia Jumamosi naenda Newala na IST, anayetaka lifti aamke mapema.