Nimsomee binti hadithi za utumwa na msiba wa taifa, au nisubiri akue?

MamaZuu: Assalam aleikum wapendwa. Binti yangu ana miaka 9. Twasoma hadithi ya kubuni ya ukoo mmoja, kuanzia majahazi ya watumwa mpaka Mzee Kenyatta alipofariki. Tulipofika mtoto anapotenganishwa na mamake, alifunika ukurasa kwa kiganja akauliza, "Ilitokea kweli?" Nikamjibu ndiyo. Sasa hataki kulala taa ikizimwa. Babake asema tuache. Mimi sitaki akue akidhani uhuru ulijileta wenyewe tarehe 12 Desemba 1963. Wenzangu mwafanyaje?

Mwalimu_Likoni: Dadangu, usikiache kitabu, badilisha saa. Someni alasiri, si kitandani. Kisha mtenganishie: huyo mtoto amebuniwa, lakini Frere Town, hapa Mombasa, ilianzishwa kweli na wamishonari mwaka 1875, makao ya waliookolewa kutoka majahazini. Mpelekeni Kengeleni, huko huko Frere Town, aione kengele yao. Wazee husimulia kuwa ilipigwa kuwaonya watu wafanyabiashara wa watumwa walipokaribia. Ajue kulikuwa na watu waliokesha kuwalinda wenzao. Kwa mtoto mwoga, hiyo ndiyo sehemu ya kurudia mara nyingi.

Bint_MjiWaKale: Mie namuunga mkono babake kidogo. Wangu tulimwachia kwanza, mwaka uliofuata akakitafuta mwenyewe. Muulizeni.

Babu_Tudor: Mamangu, hapo pa 1978 usiparuke. Mzee alifia hapa hapa Mombasa, Ikulu, tarehe 22 Agosti. Nilikuwa kijana. Wanaume ambao sikuwahi kuwaona wakitoa chozi walilia barabarani mchana kweupe. Akazikwa Nairobi tarehe 31, jeneza likavutwa juu ya gari la mzinga. Mdogo wangu alishika kanzu ya baba akiuliza, "Sasa nani atatutunza?" Binti yako atauliza hayo hayo. Mwambie Moi aliapishwa siku ile ile Mzee alipofariki, serikali haikusimama. Na akikua kidogo umwongezee kwamba si wote waliolia, maana wako waliokuwa na uchungu wa ardhi zao hapa Pwani. Kitabu kinachowaliza wote kwa sauti moja kinamnyima mtoto nusu ya habari.

MamaZuu: Shukran sana. Nimemuuliza: ataka tuendelee, ila babake naye akae asikilize. Kengeleni twaenda Jumamosi. Babu, hilo la ardhi nitalieleza vipi kwa lugha ya mtoto wa miaka 9? Kwetu ni jambo la nyumbani, babu yangu alifukuzwa shambani.