Mrejesho: wingu la rubidi limekaa

Wakuu, niliuliza kwa nini atomu za rubidi-87 (aina ya metali) hazikai kwenye mtego wangu wa leza, yaani kifaa cha kuzipoza na kuzishika kwa mwanga, ilhali leza ya kwanza, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 780, iko sawa. Aliyesema nikague leza ya pili alilenga penyewe: ilikuwa imehama masafa yake ya mwanga (frikwensi). Atomu hunyonya na kutema fotoni (chembe za mwanga) mamilioni kwa sekunde, na mara mojamoja huangukia ngazi ya nishati ya chini kabisa, gigahezi 6.8 (kwa kipimo cha frikwensi) chini ya ile tunayoitumia. Ikifika huko, leza ya kwanza haiioni tena. Leza ya pili ndiyo huirudisha. Nilipoirekebisha, kidoa cheupe, yaani wingu la atomu, kikatokea kwenye kamera, kikatulia. Nilikitazama muda mrefu sana! Asanteni mno. Sasa napima jotoridi la wingu hilo.